Maswali Yenu: Tende za Ibra, Misaji ya Malabar

Shikamoo Mzee. Nimesikia redioni kwamba Wahindi wameunda chombo cha kushonwa kwa kamba, wakatweka tanga hadi Muscat, na kwamba Oman na India zimetia saini mkataba mpya wa biashara. Shuleni tulisomeshwa habari za Oman na Zanzibar tu. Hawa wawili wameunganishwa na nini hasa? – Msomaji, Tanga

Marahaba mwanangu. Kabla ya mikataba nikupeleke shambani.

Kiangazi cha 1976, mwaka wangu wa pili hapa Oman, mjomba alinichukua hadi kwake Ibra. Mimi mtoto wa Ng'ambo, Unguja, nilizoea minazi na mikarafuu. Nilikuta wanaume wanaangusha mikungu ya tende zingali ngumu, rangi ya manjano. Aina yake mabsali. Hazingojwi zilainike. Zinatumbukizwa katika masufuria ya shaba, makubwa kiasi cha mtoto kuoga ndani, moto wa makuti na vigogo vya mtende unawaka chini. Zinatokota robo saa, pengine dakika ishirini, halafu zinaopolewa na kuanikwa juani siku kadhaa mpaka zikunjamane na kuwa nyekundu ya kahawia. Kazi hiyo huitwa tabsili. Mvuke wake una harufu ya sukari inayokaribia kuungua, na nguo zangu zilinuka hivyo wiki nzima.

Nikauliza, "Mjomba, tende zote hizi atakula nani?"

Akanijibu, "Hizi si zetu. Hizi za Wahindi."

Kweli. Tende za tabsili zimekuwa zikienda India miaka na miaka. Huko huitwa kharek, wengine chuhara, na Waislamu wa India huzigawa watu wakishafungisha nikaha. Kumbe bwana harusi wa Gujarati anapongezwa kwa tende iliyochemshwa na mjomba wangu! Usiku ule tuliandaliwa wali, na mchele ulitoka India. Mlango wa nyumba ulikuwa wa mti wa msaji, kutoka Malabar, pwani ya India. Kilemba alichofunga mjomba siku ya Ijumaa kilikuwa cha sufi ya Kashmir. Nilikuwa mashambani, mwendo mrefu kutoka baharini, na kila nilichogusa kilikuwa kimevuka bahari.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa swali lako. Oman ina tende na samaki, lakini haina misitu ya mbao wala mashamba ya mpunga ya kuitosha. India ina misaji, mchele, nguo na viungo. Katikati yao kuna bahari yenye pepo mbili zinazogeuka kwa majira, zile zile tunazoziita sisi kusi na kaskazi. Mafundi wa Sur, mji wa pwani ya mashariki ya Oman, waliunda vyombo vyao kwa mbao za Malabar, kisha vyombo hivyo hivyo vikarudi Malabar kuchukua mbao nyingine. Oman haikuwa na mti wa kuundia chombo cha kuifikisha kwenye miti. Ilibidi waelewane na wenye miti kwanza.

Na hawakuelewana kwa barua za wafalme. Nilipoanza kazi nilikuwa karani katika ghala moja la Mutrah, ile bandari iliyo pua na mdomo na Muscat. Tajiri wangu alikuwa Mkachi, yaani mtu wa Kachi huko India, Mhindu, watu wake asili yao bandari ya Mandvi. Aliwahi kuuza dukani Mkunazini, Unguja, kwa hiyo mteja Mwarabu akiwepo, mimi na yeye tulinong'onezana bei kwa Kiswahili. Akija Mhindi mwenzake, walihesabu kwa Kikachi. Siku moja alinionyesha madaftari ya baba yake. Kurasa na kurasa za wakulima wa tende: fulani kachukua magunia mawili ya mchele na jora la nguo, atalipa tende zikiiva. Mali kauli, bila rehani, bila hati. Mwaka wa ukame deni lilisogezwa mbele. Nimesoma mengi juu ya urafiki wa nchi hizi, lakini sijaona waraka ulionieleza zaidi ya madaftari yale.

Wapo wa namna yake mashuhuri. Nyumba ya biashara ya Khimji Ramdas ilianza Muscat mwaka 1870, nayo asili yake ni Mandvi pia. Mkuu wake, Kanaksi Khimji, aliyefariki 2021, alipewa na Sultan Qaboos cheo cha sheikh, naye ni Mhindu. Pale pale Mutrah, nyuma ya ukuta unaoitazama bandari, ndiko kwenye mtaa wa Walawatia, Waomani Waislamu wenye lugha yao ya nyumbani iliyo jirani na Kisindi. Nasi wa Unguja tusijione tumeachwa kando: forodha ya Zanzibar, tangu miaka ya 1830, iliendeshwa kwa miongo na nyumba ya Jairam Sewji, Mhindi wa Kachi. Shuleni hawakukudanganya, mwanangu, ila walikuonyesha pembe mbili tu za tanga lenye pembe tatu.

Serikali zilikuja nyuma. Mkataba wa urafiki, biashara na usafiri wa baharini ulitiwa saini 1953, India ikafungua ubalozi mdogo Muscat 1955, na ubalozi kamili 1971. Wafalme wenyewe walikuwa wageni wa zamani India. Sultan Said bin Taimur, baba yake Qaboos, alisomeshwa Mayo College, Ajmer. Baba yake Said, Sultan Taimur bin Faisal, alijiuzulu 1932. Baadaye aliishi Bombay na akafia huko 1965. Sultan Qaboos alipofariki Januari 2020, India ilitangaza siku ya maombolezo nchi nzima. Na ukija Muscat, ingia Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uweke kiganja chako ukutani. Tani 300,000 za mawe ya mchanga yaliyojengea msikiti ule zimetoka India.

Leo biashara baina yao inapita dola bilioni 10 kwa mwaka. Kuna gesi na mafuta ndani yake, na kuna kiwanda cha mbolea pale pale Sur kwa mafundi wa vyombo, ambacho nusu ni cha Oman na nusu ni cha vyama viwili vya ushirika vya India. Urea yake inapakiwa melini kwenda kwa wakulima wa Kihindi. Mkataba uliousikia ulitiwa saini Muscat tarehe 18 Desemba 2025. Oman inaondoa ushuru katika karibu asilimia 98 ya aina za bidhaa, India karibu asilimia 78.

Na chombo, ndiyo, habari ni ya kweli. Kinaitwa INSV Kaundinya, chombo cha tanga cha jeshi la majini la India. Kiliondoka Porbandar mwishoni mwa Desemba 2025, kikaingia Muscat katikati ya Januari 2026. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, hakuna msumari. Umbo walilitoa kwenye mchoro wa kale wa mapango ya Ajanta. Mtu wa Lamu akikiona atautambua mtepe wa mababu zake kabla hajaambiwa kitu. Natamani siku moja chombo cha namna hiyo kishonwe Lamu au Tanga kwenu, kitweke na kaskazi iishapo.

Mzee, bibi yangu hapa Mombasa anasema zamani hata Oman walitumia rupia ya India. Mimi nambishia, namwambia kila nchi ina fedha yake. Nani mkweli? – Msomaji wa kike, Mombasa

Kamwombe radhi bibi yako leo hii, na umpikie chai.

Rupia ilitumika pwani ya Oman mpaka 1970. Ndani, milimani, watu walipenda zaidi reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa zamani wa Austria. Kwetu Zanzibar nako rupia ilidumu hadi ilipopokewa na shilingi mwanzoni mwa 1936. Hata neno lenyewe pesa ni paisa ya Kihindi, na hapa Oman riali moja inagawanywa baisa 1,000. Ni neno moja limetua bandari mbili.

Kisa cha rupia ya Ghuba ni kizuri, nikupe. Baada ya vita kuu ya pili, dhahabu ilinunuliwa Ghuba kwa rupia na kuingizwa Bombay kwa magendo. Rupia zikarundikana huku Ghuba, mabenki yakazirudisha India yakidai paundi, na India ikawa inavuja fedha za kigeni. Mwaka 1959 Delhi ikachapa noti za peke yake kwa ajili ya Ghuba, rangi tofauti, namba zake zikianza na herufi Z, ambazo ndani ya India hazikuwa na kazi. Halafu Juni 1966 India ikashusha thamani ya rupia yake kwa pigo moja, kutoka 4.76 kwa dola hadi 7.50. Fikiria mtu aliyelala na akiba ya mahari, akaamka imeliwa zaidi ya theluthi, kwa uamuzi wa nchi asiyoishi! Kuwait ilikuwa imekwishatoka mapema, na Bahrain nayo mwaka mmoja kabla. Mwaka ule Qatar na jirani zake nao wakatoka. Oman ikabaki peke yake mpaka ilipotoa riali yake, riali moja kwa rupia 21.

Shangazi yangu wa Muscat hakuiacha hata hapo. Miaka ya 1980 alikuwa bado ananituma sokoni, "Niletee nguru wa rupia kumi," nami njiani napiga hesabu kwa vidole: nusu riali kasoro kidogo. Muuza samaki, kijana aliyezaliwa baada ya 1970, hakuelewa kamwe kwa nini naomba samaki wa baisa 476.

Assalamu alaykum Mzee. Mimi niko Ruwi, hapa Muscat. Fundi cherahani wetu ni mtu wa Kerala, ana miaka 18 hapa. Viongozi wakikutana husifu urafiki wa Oman na India. Yeye urafiki huo unamfaa nini? – Msomaji, Ruwi

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Swali hili nimelibeba mwezi mzima.

Wahindi wako hapa karibu laki saba. Bila wao hospitali zingelala, barabara zisingetandikwa, nguo zako za Iddi zisingeshonwa. Nao wanatuma nyumbani fedha zinazosomesha watoto. Ni sehemu kubwa ya urafiki huo, kubwa kuliko mabomba ya gesi, na ndiyo inayotajwa kwa haraka zaidi kwenye hotuba. Nimeusoma mkataba mpya unavyoelezwa: milango inayofunguka zaidi ni ya wahasibu, wahandisi, madaktari, wafanyakazi wanaohamishwa na makampuni yao. Mwashi na fundi cherahani hawamo mstari wa mbele. Hilo linaniuma na nalisema wazi.

Miaka michache iliyopita mkandarasi mmoja alinijengea ukuta wa uani. Mmoja wa waashi wake, mtu wa Andhra, alikuwa ananywa chai yangu kila asubuhi akiwa amechuchumaa kivulini, na siku moja hakuigusa. Akanionyesha simu yake. Binti yake amerudishwa nyumbani kwa ada, na yeye hajalipwa miezi minne. Pasipoti yake ilikuwa kwenye saraka ya mkandarasi. Nilivaa kanzu na kilemba, nikaenda naye ofisi ya kazi, nikakaa benchi lake tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Tulirudi mara tatu. Mara ya tatu mkandarasi alikuja na fedha mkononi na pasipoti mfukoni.

Tangu hapo sheria imesogea, na fundi wako anapaswa kuyajua haya. Mwajiri haruhusiwi kumshikia pasipoti. Tangu Januari 2021, mkataba wake ukiisha anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ridhaa ya yule wa kwanza. Zamani bila barua ile mtu alirudi kwao au alibaki amefungwa. Sheria ya kazi ya 2023 inaweka saa nane kwa siku na saa 40 kwa wiki. Na kuanzia Juni hadi Agosti, kazi za juani husimama kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu.

Kwa hiyo mwulize mambo mawili tu, tena umwulize akiwa peke yake dukani, tajiri wake asiwepo: pasipoti yako iko wapi, na mshahara wa mwezi uliopita umeingia benki? Jibu moja likiwa baya, vaa nguo zako za Ijumaa ufuatane naye Wizara ya Kazi, ukakae naye benchini.