Tuanze na Kidato cha Kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini shule ndogo za sekondari za vijijini zinaendelea kuburuta mkia katika mtihani wa kidato cha nne. Mimi nafundisha Biolojia katika shule ya kata hapa Tanzania, na jibu langu ni kwamba tunaanza kuhangaikia matokeo wakati mwanafunzi ameshapotea zamani.

Mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari anakuta karibu kila somo linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Niliwahi kusahihisha karatasi ya kidato cha kwanza ambayo, palipotakiwa jibu kuhusu maambukizi ya malaria, swali lenyewe lilikuwa limenakiliwa upya kwa mwandiko mzuri. Nilipomwita mwenye karatasi na kumwuliza kwa Kiswahili, alinieleza habari za mbu jike wa anofelesi, vimelea na chandarua bila kusita. Mwanafunzi wa namna hiyo huendelea kunakili ubao mwaka baada ya mwaka, na daftari lake huwa safi kiasi cha kumridhisha hata mkaguzi.

Udogo wa shule nao huongeza ugumu, kwa sababu penye mwalimu mmoja wa Hisabati, ambaye mara nyingi ndiye huyo huyo wa Fizikia, masomo yote mawili husimama akienda likizo ya uzazi. Mwaka 2019 na 2020, nchini kote, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alifaulu Hisabati ya kidato cha nne.

Matokeo ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, yaani walifeli, yalimfanya Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aunde tume ya kuchunguza sababu. Huku kwetu dawa tunayoikimbilia ni kambi: kidato cha nne hulala shuleni miezi ya mwisho, wazazi huchanga mahindi na maharage, na walimu wazoefu wote huelekezwa huko. Siibezi kambi, imewaokoa baadhi. Hata hivyo, ningependa mwalimu mzoefu kuliko wote apewe kidato cha kwanza, aruhusiwe kufafanua dhana ngumu kwa Kiswahili bila kuonekana anavunja utaratibu, na kama wazazi wana uwezo wa kuchangia darasa moja tu, mahindi hayo yawapikie uji wadogo hao, ambao wengi hushinda na njaa hadi kengele ya jioni.