Usitafute Mgahawa, Tafuta Jirani Yake: Ushauri kwa Wanaosoma Picha za Kale

Hivi karibuni msomaji mmoja alinitumia picha ya marehemu baba yake akiwa na vijana wenzake mbele ya mgahawa, wote wamevaa suti, akaniuliza swali ambalo familia yao imelibeba kwa muda mrefu: hapa ni wapi? Mji waliujua, kwa kuwa mzee alisoma huko ujanani, lakini mtaa hawakuujua, na mgahawa wenyewe haumo katika ramani yoyote ya leo. Jibu nimelipata, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu, kwa kuwa swali hilo lilikwisha kuwashinda watu wenye majina makubwa kuliko langu. Jina la mji na la mgahawa sitayataja, maana mwenye picha aliniomba hivyo. Ninachotaka kueleza ni njia iliyonifikisha, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna picha za namna hii zimelala ndani ya maboksi, na mngependa siku moja kuandika chini yake mtaa, namba na mwaka bila kusitasita.

Anayeanza kazi hii hukimbilia kibao. Katika picha hii kibao kilikatwa na ukingo, zikabaki herufi chache za mwisho, na watu waliotangulia kuichunguza walikesha wakibuni majina yanayomalizikia na herufi hizo. Hata kama jina lingeonekana lote, lisingetosha. Vibanda vya chai vya kampuni ya Lyons, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa Piccadilly, London, mwaka 1894, vilipambwa mbele kwa rangi nyeupe na dhahabu kwa mtindo mmoja, hivyo picha ya kimoja hufanana na ya kingine. Kampuni ya Horn & Hardart nayo, iliyofungua mgahawa wake wa kwanza wa kujihudumia kwa sarafu Philadelphia mwaka 1902 na kufunga wa mwisho New York mwaka 1991, ilikuwa na matawi mengi, na jina lake peke yake halikwambii umesimama kona gani. Mgahawa ni mpangaji. Huhama, hufilisika, huuzwa, hubadilisha jina, na pengine huhamia ng'ambo ya barabara na kibao chake begani. Jengo halihami. Kwa hiyo maswali ni mawili na yana mpangilio wake: kwanza, hili ni jengo gani, halafu, ni nani aliyekuwa mpangaji wake mwaka huo?

Na jengo lililokwisha kubomolewa hutambuliwa kwa jirani yake ambaye bado yupo. Niliacha kabisa kuwatazama vijana wale na mgahawa wao, nikahamia kwenye ukingo wa kushoto wa picha, mahali ambapo kipande chembamba cha jengo la pili kilikuwa kimeingia kwa bahati: madirisha mawili yenye matao ya duara, ukanda wa mawe kati ya ghorofa na ghorofa, na ukingo wa paa uliojitokeza kwa mbele. Hapo ndipo macho yanapopaswa kwenda, juu. Ghorofa ya chini ya jengo la biashara hubadilishwa kila anapoingia mpangaji mpya, hung'olewa mlango, huwekwa vioo na mabango, lakini ghorofa za juu mara nyingi huachwa kama zilivyojengwa kwa sababu hakuna mteja anayezitazama. Mtu anayelinganisha milango na madirisha ya maduka hupita mbele ya jengo analolitafuta asilitambue.

Msaada wa pili ulitoka ndani ya kioo cha dirisha la mgahawa. Nyuma ya bega la kijana mmojawapo ulikuwa umeakisiwa mnara wenye saa, umefifia lakini umbo lake linasomeka. Kioo kilikuwa kinanionyesha upande wa pili wa barabara, yaani kile alichokuwa anakiona mpiga picha akigeuka nyuma, na ninashangaa jinsi watu wachache wanavyokumbuka kutazama humo. Kumbuka tu kwamba kilichomo kiooni kimegeuzwa, kulia ni kushoto. Wakati mwingine ni picha nzima iliyogeuzwa, kwa mfano pale hasi, yaani ile filamu ambayo picha ya karatasi hutolewa kwayo, ilipowekwa kinyume wakati wa kusafisha. Picha zile za kwanza kabisa za mabamba ya fedha zilitoka zimegeuka kwa asili yake. Ile maarufu ya Daguerre ya Boulevard du Temple, Paris, ya mwaka 1838, ni ya namna hiyo, na anayejaribu kuilinganisha na ramani bila kuigeuza kwanza atatangatanga. Kagua maandishi, vifungo vya makoti na mikono iliyovaa saa kabla hujafungua ramani yoyote.

Kisha vivuli. Mji ule uko mbali kaskazini mwa ikweta, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Ukuta wa mgahawa ulikuwa umemulikwa wote ilhali vivuli vya wale vijana ni vifupi, kwa hiyo haukuweza kuwa umeelekea kaskazini, na nusu ya uwezekano ikaondoka bila mimi kuinuka kitini. Ila mbinu hii ina sharti lake: katika miji iliyo kati ya tropiki mbili, ya Kansa na ya Kaprikoni, jua la adhuhuri huwa kaskazini miezi fulani na kusini miezi mingine, na usipojua mwezi wa picha, usitegemee vivuli vya mchana kukwambia jengo limeelekea wapi.

Sitawachosha na jioni nilizotumia kupita mitaa ya mji ule katika picha za barabarani za mtandaoni. Nililipata lile jengo lenye matao, ghorofa yake ya chini imegeuzwa duka la vioo vitupu, na pembeni yake pana uwanja wa kuegesha magari. Moyo ulinienda mbio, kwa sababu kwenye ukuta wake mtupu unaotazama uwanja ule ulikuwepo mstari wa mteremko, kovu la paa la jengo lililoegemea hapo zamani. Kovu hilo lilikuwa na mteremko uleule wa paa la mgahawa katika picha. Na mnara wa saa ulikuwa upande wa pili wa barabara, pale hasa ulipotakiwa kuwa.

Hapo wengi husherehekea na kuondoka. Mimi nilikwenda kwenye ramani za bima ya moto, hazina ambayo haiishi kunistaajabisha. Kampuni za bima zilihitaji kujua kama nyumba itashika moto kwa urahisi, zikalipia ramani zinazoonyesha umbo la kila jengo, idadi ya ghorofa, aina ya kuta na mara nyingi matumizi yake. Huko Marekani kampuni ya Sanborn ilianza kuzichora mwaka 1867, ikipaka waridi majengo ya matofali, njano ya mbao na bluu ya mawe. Uingereza ilikuwa na ramani za Charles Goad tangu miaka ya 1880. Mji ninaouzungumzia una ramani za aina hiyo, na pale palipo na magari leo palikuwa na jengo la matofali la ghorofa tatu lenye namba yake. Ukiwa na namba, unaweza kufungua vitabu vya anwani vya mji, vile vya kila mwaka vilivyoorodhesha wakazi na biashara mtaa kwa mtaa. Toleo moja liliutaja mgahawa katika namba hiyo, na herufi zile za mwisho za kibao zikalingana na jina. Toleo lililofuata lilimtaja muuza samani.

Katika vitabu hivyo jihadharini na mitaa iliyobadilishwa majina na namba. Mtu mwenye picha ya Stalinallee ya Berlin hataipata katika ramani ya leo, kwa sababu tangu mwaka 1961 barabara hiyo inaitwa Karl-Marx-Allee kwa sehemu yake kubwa. Berlin hiyohiyo ina mitaa ambayo namba zake hupanda upande mmoja hadi mwisho kisha hurudi kwa upande wa pili, hivyo namba 5 inaweza kutazamana na namba kubwa kabisa ya mtaa. Anwani ya zamani ni lazima isomwe na ramani ya wakati wake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bado linanichoma. Nilipoweka matokeo ya awali katika kundi la wapenda historia, mzee mmoja anayeheshimika sana humo aliniandikia mbele ya wote: "Kijana, mimi nimekula pale kabla hujazaliwa. Ulikuwa mtaa mwingine kabisa." Nilimjibu, "Shikamoo mzee, naomba unitajie mwaka," na badala ya mwaka nikapokea mvua ya kejeli kutoka kwa wanaomshabikia. Ajabu ni kwamba mzee hakusema uongo. Vitabu vya miaka ya baadaye viliuonyesha mgahawa uleule, kwa jina lilelile, katika mtaa alioutaja. Ulikuwa umehama. Kumbukumbu yake ilikuwa ya mgahawa, na picha yangu ilikuwa ya jengo, na tungeweza kubishana hadi leo kama vitabu visingesema. Nilipoweka kurasa hizo hadharani, wale wa kejeli walinyamaza, na kunyamaza kwao sikukuchukulia kuwa ni kuomba radhi. Mzee alijibu baadaye kwa neno moja, "Sawa."

Haikuishia hapo. Ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi ulichukua picha na maelezo yangu yote, hadi ile sentensi ya kovu la paa, ukaandika kwamba ni kazi ya "watafiti wetu". Nakiri kwamba nimeshindwa kulisahau hilo, na sijui kama ninataka kulisahau.

Kwa hiyo nitasema wazi. Anayesema "napakumbuka" amekupa mahali pa kuanzia, na umshukuru, lakini hajakupa ushahidi. Tarehe ndiyo inayotenganisha mambo hayo mawili, na tarehe hupatikana kwa kuibana kutoka pande mbili. Chukua Beit el-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883: picha inayoonyesha mnara wa taa umesimama peke yake mbele ya jumba ni ya kabla au ya karibu sana na mashambulizi ya Waingereza ya Agosti 1896, na ile yenye mnara wa saa uliounganishwa na jumba lenyewe haiwezi kutangulia mwaka 1897, wala kufuata Desemba 2020, sehemu ya jengo ilipoporomoka. Ukiwa na mabano mawili ya namna hiyo, acha kubuni mwaka katikati yake kwa ajili ya kupendeza. Kadi za posta zina mabano yao mgongoni: Uingereza iliruhusu ujumbe na anwani kukaa upande mmoja mwaka 1902, na Marekani mwaka 1907, hivyo mgongo uliogawanywa kwa mstari hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Muhuri wa posta hukwambia kadi ilitumwa lini, nao hausemi picha ilipigwa lini, kwani wauza kadi walichapisha picha ileile kwa miaka.

Kwa migahawa peke yake, tafuteni kadi za vyakula. Bibi mmoja aitwaye Frank E. Buttolph alianza mwaka 1900 kuikusanyia maktaba ya umma ya New York kadi hizo, na alicholeta ni maelfu kwa maelfu, nyingi zikiwa na tarehe na mahali. New York ina bahati nyingine pia: kati ya miaka 1939 na 1941 maofisa wa kodi walipiga picha ya majengo yote ya mji, pamoja na vibanda ambavyo hakuna msanii angevijali. Mji usio na utajiri huo una magazeti, na matangazo ya magazeti hutaja anwani.

Jambo ninalolipiga vita kwa nguvu zangu zote ni programu za kompyuta zinazotia rangi na "kusafisha" picha za kale. Filamu nyingi za zamani hazikuhisi rangi nyekundu, hivyo kibao chekundu kilitoka cheusi na anga la bluu likatoka jeupe, na hakuna mashine inayoweza kurudisha kile ambacho hakikurekodiwa. Rangi ni kisio. Kwenye maandishi ni hatari zaidi, kwa maana programu ikikutana na herufi zilizofifia hubuni herufi kamili na kukukabidhi jina la mgahawa ambao haukuwahi kuwepo duniani. Nimeona watu wakitetea majina hayo kwa jazba, na picha halisi wameshaifuta.

Mnaotaka kunitumia picha, basi, tumeni iliyoskaniwa kutoka kwenye karatasi yenyewe, kwa ukubwa wa juu, bila kukata ukingo hata kama ukingoni pana kidole cha mpiga picha. Skanini na mgongo wake pia, uwe na maandishi au usiwe nayo, kwa sababu mihuri ya studio hufifia mpaka isionekane kwa macho. Andikeni kile familia inachokisema na nani alikisema, mkikitenga na kile mnachokisia nyinyi wenyewe. Na mkipata jibu kwa juhudi zenu, liwekeni hadharani pamoja na namba ya ukurasa wa kitabu na mwaka wa ramani, jina lenu likiwa ndani ya maelezo yenyewe wala si pembeni ya picha, ambako ni rahisi kukatwa.