LUKU imetibu ukusanyaji, kodi bado ni mgonjwa

Swali la wiki: Kwa nini majiji yetu ya Tanzania hayajitegemei kwa mapato?

Anzeni na kodi ya majengo. Nyumba haihami wala haifichiki, kwa hiyo ni chanzo kinachoifaa halmashauri kuliko kingine chochote. Mamlaka za miji zilizofutwa enzi za Madaraka Mikoani, serikali kuu ilipochukua kazi za halmashauri, zilirudishwa 1978, Sheria Na. 9 ya 1982 ikazipa vyanzo vya mapato, na Na. 2 ya 1983 ikaziruhusu kutoza majengo kwa thamani. Kodi ya maendeleo ilipofutwa 2003 (hakuna aliyeililia), uzito ukabaki kwenye ushuru wa huduma, uliokuwa hadi asilimia 0.3 ya mauzo ya biashara, na kwenye majengo. Mwaka 2016 kodi ya majengo nayo ikahamia Mamlaka ya Mapato (TRA).

Tuseme kweli, halmashauri zilikuwa zimeshindwa. Kutoza kwa thamani kunadai daftari la uthamini: mthamini apite nyumba kwa nyumba, alipwe, na baada ya miaka michache arudie. Madaftari yakazeeka, makazi yasiyopimwa yakaachwa nje. Ndipo vikaja viwango vya mkupuo, visivyoangalia thamani ya jengo, na 2021 vikapachikwa kwenye LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia. Tangu 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na ghorofa mjini 7,500 kwa kila sakafu.

Ukusanyaji ukawa rahisi, kero zikahamia kwenye mita. Makato hufanyika unaponunua umeme, na miezi usiyonunua hujilimbikiza kuwa deni. Anayelipa ni mpangaji mwenye mita, kisha ahangaike kumdai mwenye nyumba. Nyumba moja yenye mita tatu inaweza kukatwa mara tatu hadi mwenyewe aombe mita za ziada ziondolewe.

Kasoro kubwa ni kiwango chenyewe. Kibanda cha vyumba viwili Mbagala na jumba la kifahari lisilo la ghorofa Masaki, jijini Dar es Salaam, vyote hulipa 18,000 kwa mwaka.

Freetown, Sierra Leone, walipita katikati ya uthamini na mkupuo mwaka 2020. Walipima ukubwa wa majengo kwa picha za setilaiti, kisha wakaongeza au kupunguza pointi za kukokotoa kodi kwa vitu vinavyoonekana ukiwa barabarani: paa, kuta, njia ya kufika. Hakuna haja ya kuingia ndani, wala ya hati. Majengo yaliyoandikishwa yakaongezeka zaidi ya maradufu.

Hapa LUKU iendelee kukusanya. Halmashauri zipewe kazi ya kuhesabu pointi, na kila jengo liwe na namba yake iliyofungwa kwenye mita moja tu.