Natumia dawa za sonona, hiyo tiba ya fikra itanisaidia nini?

SWALI: Habari za kazi daktari. Nina miaka 38, nina sonona, vidonge natumia mwezi wa tatu sasa na afadhali ipo kidogo. Juzi nimeambiwa niende kwa mwanasaikolojia nianze tiba ya fikra. Kuongea tu na mtu kunatibuje ugonjwa? Na nikianza naweza kuacha dawa?

JIBU: Nzuri dada, pole sana, na hongera kwa kuendelea na dawa maana wengi wanakata tamaa mapema.

Sio kuongea tu jamani, na wala hutaambiwa "waza mazuri". Sonona inakufanya ujione hufai, watu na mambo yote yako kinyume na wewe, na mbele hakuna kitu, hayo matatu aliyaeleza daktari Aaron Beck wa Marekani kuanzia miaka ya 1960, na mawazo yenyewe yanapita haraka mno kichwani hadi unayachukua kama ukweli, sasa kazi ya tiba ni kuyakamata na kuyapima.

Chukulia umemtumia bosi ripoti, akajibu "sawa" basi. Moyo umeshuka hapohapo. Unaandika kwenye daftari: nimewaza nini? "Kazi yangu mbovu, atanifukuza." Naamini kwa kiasi gani? Asilimia 90. Ushahidi upo? Mbona wenzangu nao huwa anawajibu hivyohivyo, na ripoti zangu hajawahi kuzirudisha. Halafu unaenda kumuuliza kama kuna cha kurekebisha, unasikia mwenyewe. Ukirudi kwenye daftari ile 90 inaweza kuwa 40, haijaisha lakini unapumua.

Ila kama hata kuoga ni mlima, tunaanza na vitendo kwanza, ratiba ya siku yenye vitu vidogo vidogo na unaandika kila kimoja kimekupa nafuu kiasi gani. Mimi hii sehemu naithamini sana, maana wagonjwa wengi wanasubiri hamu irudi ndio waamke, wakati mara nyingi hamu inarudi ukishaanza.

Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2005, watu wazima 240 wenye sonona ya kati hadi kali, baada ya wiki 16 waliopata nafuu ni asilimia 58 kwa dawa na 58 hivyohivyo kwa tiba hii. Mwaka uliofuata, kati ya hao waliopata nafuu, waliomaliza tiba ugonjwa uliwarudia asilimia 31, walioachishwa dawa 76. Ndio maana nakusisitiza uende.

Vidonge usiviache mwenyewe, vinapunguzwa taratibu na daktari wako, na kawaida unaendelea angalau miezi sita baada ya kupona. Viwili hivyo vinaenda pamoja vizuri tu.

Tarajia vikao 12 hadi 20, mara nyingi kimoja kwa wiki, na kazi ya kufanya nyumbani, usipopewa iulizie. Yakija mawazo ya kujiua usingoje kikao kijacho, mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali siku hiyohiyo.