Krabugrasi: dawa ya kuzuia ipigwe Novemba au isubiri Aprili?

Mkuu, umeuliza kama dawa ya kuzuia krabugrasi (nyasi-gugu linalovamia nyasi za uwanja wa nyumbani) inaweza kupigwa kabla ya baridi wakati gugu lenyewe huota mwezi wa nne, na kama jirani yako hapo Ohio, Marekani, anayesema ipigwe Novemba anakupotezea hela tu. Hakupotezei. Ila inategemea ni dawa gani, unaipiga lini, na vile vipara vya uwanja wako, sehemu zisizo na nyasi, unataka kuvipandia mbegu lini.

Mimi kazi yangu ni kutunza nyasi za watu huku huku Ohio. Krabugrasi ni gugu la msimu mmoja, sakitu ya kwanza inalimaliza. Kwa hiyo hayo mabaka ya kahawia unayoyaona sasa usiyapulizie kitu, unapulizia maiti. Kilichobaki ni mbegu, na ni nyingi kupita kiasi. Zinaanza kuota udongo wa juu ukishafika kama nyuzi 13 za Selsiasi kwa siku kadhaa mfululizo, zikitangulia pembeni mwa lami na zege ambako ardhi hupata joto mapema, halafu zinaendelea kuota hadi katikati ya kiangazi. Dawa hizi haziui mbegu. Zinazuia seli za kimzizi zisigawanyike, mche unafia humo humo, ndiyo maana lazima dawa iwe imeshaingia kwenye udongo kabla.

Hapo ndipo inapofaa prodiamini, mojawapo ya dawa hizi za kuzuia. Haiyeyuki kirahisi kwenye maji, inashikamana na udongo, na vijidudu vinavyoimeng'enya hupooza ardhi ikipoa. Ukiipiga mwishoni mwa Novemba, ardhi ikiwa haijaganda, Aprili utaikuta kazini. Ukiipiga Septemba udongo ungali na joto, inaliwa bure wakati hakuna krabugrasi ya kuzuia. (Wanaopiga mapema hivyo kwa kawaida wanafukuzia gugu jingine liitwalo Poa annua, ambalo huota joto likishuka.) Makampuni nayo yanaipenda Novemba kwa sababu zao: Aprili mvua haikatiki na wateja wote wanapiga simu wiki moja.

Kasoro yake ni mwisho wa msimu. Dawa ya Novemba inaanza kuchoka kabla kiangazi hakijaisha, na mbegu za kuchelewa zinapita. Kwa hiyo mimi napenda kugawa: nusu dozi ya prodiamini Novemba, kisha ditiopiri, dawa nyingine ya kuzuia, Aprili. Ditiopiri ina uzuri mmoja, hata miche michanga ambayo haijachipua matawi inaikamata.

Sasa vipara. Prodiamini haichagui, mbegu ya nyasi nzuri za kupandwa kama feskyu au blugrasi nayo inaizuia, na kwa dozi kubwa kizuizi hicho kinaweza kudumu hata mwaka. Ndiyo maana aliyepanda nyasi msimu huu lebo inamtaka asubiri siku 60 au akate nyasi mara mbili, kile kitakachochelewa zaidi, ndipo apige. Wewe hujapanda, na sasa hivi umechelewa, miche itakutana na theluji ikiwa laini. Kupanda Aprili sikushauri pia, jua la Julai litaikaanga. Ningevivumilia vipara hadi mwishoni mwa Agosti mwakani. Kwa mgao ule wa nusu nusu muda wa kupanda utakuwa umetimia, lakini hesabu miezi kwenye lebo za dawa zote mbili kabla ya kununua mbegu.

Kuna mdau kwenye maoni kasema atajaribu hii kwenye gugu la sangari shambani kwao Kenya. Ndugu, hizo ni ukoo mmoja lakini sangari inachipua kutoka kwenye mashina yake yanayotambaa chini ya ardhi, mbegu si tatizo lako. Utachoma pesa.

Siku ya kupiga, reki majani yote yaliyopukutika kwanza, la sivyo nusu ya dawa utaibeba kwenye mfuko wa taka. Kisha imwagiliwe kama milimita 12, au iache ipate mvua ndani ya wiki moja au mbili.