Maswali ya Wasomaji: Alama Ikishuka, Hatari Imepungua?

*Nasikia udhaifu wa Kenya mbele ya majanga ya tabianchi hupewa alama kila mwaka. Alama ikionyesha nafuu ilhali mto Sabaki bado unafurika, tuamini lipi? Mwalimu wa jiografia, Malindi*

Mwalimu, yote mawili yanaweza kuwa kweli. Fahirisi inayotajwa sana ni ND-GAIN ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, ambayo hesabu zake zinaanzia 1995. Kwa upande wa udhaifu ina viashiria 36 katika sekta sita: chakula, maji, afya, mazingira asilia, makazi na miundombinu. Kila sekta huangaliwa kwa mambo matatu: jinsi tishio litakavyoifikia, wepesi wake wa kuumia, na uwezo wa watu kukabili.

Sasa angalia hapa. Viashiria 12 vya tishio vimetokana na makadirio ya miaka ya mbele, navyo havibadiliki mwaka hadi mwaka. Mstari wa alama ya udhaifu ukishuka kwenye grafu, kilichosogea ni wepesi wa kuumia na uwezo wa kukabili tu. Sabaki unaweza kufurika mara mbili na mstari usitikisike, kwa kuwa fahirisi hii haikuundwa kuhesabu mafuriko. Ukitaka madhara yaliyokwisha kutokea, tafuta idadi ya vifo na walioathirika kwa kila watu 100,000, kama Mpango wa Sendai wa 2015 hadi 2030, makubaliano ya kimataifa ya kupunguza hatari za majanga, unavyozitaka nchi zihesabu. Kugawanya kwa idadi ya watu ni lazima: Kaunti ya Kilifi ilikuwa na watu 1,109,735 katika sensa ya 2009, na 1,453,787 mwaka 2019. Mafuriko yale yale leo hukuta watu wengi zaidi njiani mwake.

*Kikundi chetu kinataka kupima udhaifu wa Lamu wenyewe, mwaka baada ya mwaka. Tuanzie wapi? Vijana wa mazingira, Mokowe*

Chagueni tishio moja kwanza. Tungewashauri ukame, kwa sababu takwimu zipo: Lamu ni miongoni mwa kaunti 23 ambazo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame huzitolea taarifa kila mwezi. Humo mtapata hali ya mimea, umbali wa kufuata maji, na watoto walio katika hatari ya utapiamlo, yaani ambao mzunguko wa mkono wao wa juu haufiki milimita 135.

Ongezeni chumvi ya visima, maana visiwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, na kisima kikitekwa kupita kiasi chumvi hupanda. Pimeni kwa mita inayoonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme (chumvi ikizidi, umeme hupita zaidi), mkiirekebisha kila mara kwa maji maalumu ya maikrosimensi 1,413 kwa sentimita. Visima viwe vile vile, saa ile ile. Msilinganishe kipimo cha bamvu na cha maji mafu, wala cha masika na cha kiangazi cha kaskazi. Mtakuwa mmepima bahari na mvua, si mabadiliko ya kisima.

Kisha kila kiashiria kigeuzwe kuwa namba kati ya 0 na 1: toeni kiwango cha chini kwenye thamani yenu, mgawanye kwa tofauti ya kiwango cha juu na cha chini. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, nyumba zisizo na maji salama zilikuwa asilimia 60, zikashuka hadi 45. Kwa mipaka ya 0 na 100, alama inatoka 0.60 hadi 0.45: nafuu. Lakini mkitumia kaunti mbaya kuliko zote ya kila mwaka kama mpaka wa juu, nayo ikatoka 80 hadi 50, alama yenu inatoka 0.75 hadi 0.90. Watu wamepata maji, karatasi inasema wamezama! Mipaka iwekwe siku ya kwanza na isiguswe. Mkilazimika kubadilisha mpaka au kuongeza kiashiria, hesabuni upya miaka yote ya nyuma.

Na msikimbilie wastani wa kawaida. Uwezo wa 0.9 kwenye afya na 0.1 kwenye maji hutoa wastani wa 0.5, na shida ya maji inafichika. Zidisheni hizo mbili, mtafute kipeuo cha pili cha jibu, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa jibu hilo: mnapata 0.3. Ila fanyeni hivyo kwa namba za uwezo, si za udhaifu. Kwa udhaifu njia hii hupunguza ubaya badala ya kuufichua.

*Miaka mingapi inatosha kuona mabadiliko? Msomaji, Mambrui*

Kwa mvua na joto, wataalamu wa hali ya hewa hulinganisha na wastani wa miaka 30; unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020. Kwa hali ya nyumba, tegemea sensa. Namba za kati ya 2009 na 2019 mara nyingi ni makadirio, au ya zamani iliyorudiwa, kwa hiyo mruko mkubwa wa 2019 huenda ukawa ni sensa mpya tu. Na angalia mipaka: kabla ya kaunti kuanza 2013, Malindi ilikuwa wilaya peke yake. Ukilinganisha wilaya ile na Kaunti nzima ya Kilifi, unalinganisha sehemu mbili tofauti.