Fundi, STI yangu yala oili na yatoa mlio wa njugu

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nimenunua Subaru WRX STI ya 2018, imeshuka meli hapa bandarini Mombasa miezi miwili iliyopita ikiwa na kilomita elfu 71, manuali, haijaguswa kitu. Ndo gari yangu ya kwanza ya spidi, kabla yake nilikuwa na Vitz ya 1.0. Naishi Nyali na kazi yangu iko tauni. Sasa kuna mambo yanikosesha usingizi. Nimetembea kama kilomita 1,800 na oili ishashuka nusu ya kijiti. Nikikata kona kali nikipaki, gari yarukaruka na chuma zagonga nyuma. Alafu nikiwa gia ya sita, mwendo wa 60 hivi, nikikanyaga nipite lori nasikia mlio kama njugu zikitikiswa kwa mkebe. Na jioni nikitoka foleni ya daraja la Nyali gari yawa nzito, kama si ile ya asubuhi. Petroli natia super ya kawaida. Vijana wananambia nitoe silensa, niweke intakula kubwa na nitunishe kompyuta, yote yataisha. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam kaka, na hongera sana, gari zuri umepata. Swali lako nimelisoma mara mbili na nataka nianze na hiyo njugu kabla ya oili, manake oili yaweza kungoja wiki lakini njugu haingoji. Ukiusikia tena huo mlio, achia akselereta hapo hapo, usiseme wacha nimalize kumpita huyu wa lori. Achia, rudi nyuma yake, shusha gia mpaka ya tatu, ndo ukanyage upya.

Nikueleze ni nini ili ujue kwa nini nakazania hivi. Kawaida plagi ikiwasha, moto hutembea ndani ya silinda kutoka katikati kwenda pembeni na kuisukuma pistoni chini kwa mpango. Joto likizidi na turbo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini, imejaza hewa nyingi, ile petroli iliyobaki pembeni haingoji moto uifikie, yalipuka yenyewe kwa mpigo mmoja, na huo mpigo ndo wagonga kichwa cha pistoni kama nyundo. Mlio wa njugu unaousikia ni nyundo hiyo. Kwa hizi injini za EJ20, kama hiyo yako, mahali penye udhaifu ni kile kiukuta chembamba cha pistoni kilicho kati ya ringi na ringi. Nilishaifungua injini ya kijana mmoja wa Kisauni aliyekaa na huo mlio miezi mitano akidhani ni kawaida ya turbo, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imemeguka kipande kama ukucha wa kidole gumba, nikakitoa kwa sumaku nikakiweka kiganjani, upande mmoja mweusi wa masizi, upande uliovunjika unang'aa kama fedha, na ukuta wa silinda ukipitisha ukucha wausikia mchirizi. Yule bwana alilipa injini nzima. Nilisikitika sana manake gari ilikuwa safi na dawa yake ilikuwa rahisi tu.

Kwako naona sababu tatu zimekutana. Ya kwanza ni petroli. STI yako ni ya soko la Japani, kule petroli ile nzuri ya pampu huuzwa ikiwa karibu oktani 100, yaani kipimo cha petroli kuhimili joto bila kulipuka yenyewe, na kompyuta ya gari iliandikwa kwa hesabu hiyo. Super yetu ya kawaida haifiki huko. Kwa hivyo kuanzia leo tia ile ya daraja la juu kabisa unayoipata, muulize wa pampu oktani yake ni ngapi, na ushikilie kituo kimoja chenye wateja wengi ili petroli isiwe imelala kwenye tangi. Ndiyo, ni ghali zaidi, lakini kwa gari hii hiyo ni sehemu ya bei yake, na kama mfuko hauruhusu kila wiki bora uendeshe siku chache kuliko kutia ya kawaida kila siku.

Ya pili ni hiyo gia ya sita. Najua umetoka kwa Vitz na unataka kuokoa mafuta, lakini ukiwa 60 kwenye sita mshale wa revu uko chini ya elfu 2, alafu wakanyaga mpaka chini, hapo injini yasongwa: turbo yaanza kujaza, pistoni yaenda polepole, joto lapata muda wa kufanya uharibifu wake. Injini hii nguvu zake za kuvuta zafika kileleni revu 4,400 na farasi wote 308 watoka revu 6,400. Iache izunguke. Mjini kaa na gia ya tatu na ya nne, ile ya tano na ya sita ziweke kwa safari, ukishapita Mazeras au ukienda Malindi na barabara imefunguka, na hata huko ukitaka kupita mtu shusha gia kwanza. Kula mafuta kutapanda kidogo, lakini kilomita 6 au 7 kwa lita katika foleni zetu si ugonjwa.

Ya tatu ni joto, na hapa ndo pia jibu la ule uzito wa jioni. Fungua boneti uangalie, intakula imelala juu kabisa ya injini, na lile tundu la boneti ndo pua yake. Gari ikitembea upepo waingia hapo na kuipoza hewa inayotoka kwa turbo. Sasa wewe umekaa dakika 40 juu ya daraja, hakuna upepo, joto lote la injini lapanda moja kwa moja kwenye intakula, ukiishika yakuunguza. Hewa yaingia moto, kompyuta yasikia kuna hatari kupitia ile sensa ya kusikiliza mlio, inachelewesha moto wa plagi, nguvu zapungua, nawe waona gari nzito. Hapo gari yajilinda yenyewe, na wewe isaidie: ukishashuka daraja nenda polepole dakika tatu nne, wacha upepo upite, usikanyage kwa hasira ya foleni. Nakusihi kwenye hilo, manake ndo wakati mbaya kabisa wa kukanyaga.

Ukiweza tafuta kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta, na programu ya simu inayoelewa Subaru. Kuna namba moja inaitwa DAM. Ikisoma 1.0 kompyuta imeridhika na petroli yako. Ikishuka chini ya hapo na kukaa huko baada ya matangi mawili matatu ya petroli nzuri, usiiendeshe kwa nguvu tena, ilete tuitazame.

Haya, oili. Kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti ni kama lita moja, kwa hivyo nusu ya kijiti ni nusu lita kwa kilomita 1,800. Kwa EJ yenye turbo, imetembea elfu 71, na joto hili letu, mimi sitishiki na hiyo. Ningetishika ingekuwa lita nzima kwa kilomita 1,500, au ukiona moshi wa buluu ukiwasha asubuhi, hapo ni kupima kompresheni silinda zote nne. Lakini kwanza nataka nihakikishe umepima sawa, manake Subaru hudanganya watu. Hii injini silinda zake zimelala ubavuni, mbili kulia mbili kushoto, ukizima oili hukawia kwenye hedi kabla ya kushuka. Ukipima dakika moja baada ya kuzima utaona imepungua wakati haijapungua. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari iko mahali tambarare, si kwa ule mteremko wa geti. Toa kijiti, kifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kitoe tena taratibu, alafu kiangalie pande zote mbili. Mara nyingi upande mmoja waonyesha juu na wa pili chini, kwa sababu oili imepakaa kwenye ukuta wa bomba wakati kijiti kinapanda. Amini upande wa chini. Kama hauelewi mstari uko wapi, kilaze juu ya karatasi nyeupe, oili itaacha alama yake.

Fanya hivyo kila Ijumaa, na uwe na daftari. Tarehe, kilomita, oili iko wapi, umeongeza ngapi. Wengi walioniletea injini zilizokufa hawakuwahi kushika kijiti toka wanunue gari, walikuwa wakingoja taa, na taa ya oili ikiwaka bringi zishaanza kusagika. Na oili iliyomo saa hii huijui ni gani wala ina umri gani, kwa hivyo imwage wiki hii na filta mpya, tia fuli sinthetiki 5W-30 au 5W-40, mimi kwa joto la hapa napendelea 40, alafu kila kilomita 5,000 ubadilishe. Asubuhi usipitishe revu elfu 3 mpaka geji ya maji itulie katikati, na baada ya hapo ongeza dakika tano zaidi, manake maji hupata moto kabla ya oili.

Ile kurukaruka kwenye kona nafikiri najua. Angalia hapo karibu na gia kuna kiswichi cha DCCD, na kwenye dashibodi kuna picha yake. Nina hakika umekitoa kwenye AUTO ukakisukuma mpaka LOCK, pengine uliambiwa yashika barabara zaidi mvua ikinyesha. LOCK yafunga diffu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, magurudumu ya mbele na ya nyuma yalazimika kuzunguka sawasawa, na ukikata kona kwenye lami kavu hayawezi, ya mbele yapita njia ndefu zaidi, kwa hivyo kitu lazima kiteleze, ndo huko kuruka na kugonga. Rudisha AUTO uiache hapo. Kama bado yaruka kwenye AUTO, angalia tairi: nne zote ziwe za saizi moja, aina moja na zimelika sawa. Subaru wenyewe hawataki tofauti ya mzunguko ipite robo inchi. Ukipasua moja usinunue moja ya mtumba ukabandika.

Kuhusu vijana na ushauri wao, sikatai kutuni, nimewatunia watu na gari zatembea mpaka leo. Lakini ukitoa silensa na bomba lote la nyuma bila kuandika upya kompyuta, turbo yapumua kwa urahisi na busti, yaani msukumo wa hewa ya turbo, yaweza kupita kiwango, nawe tayari una njugu kwa busti ya kiwandani. Utakuwa umeongeza kuni kwenye moto. Kaa nayo hivyo ilivyo miezi sita. Ile Vitz haifiki farasi 75, hii ina zaidi ya mara nne, na barabara ya Kibarani mvua ya kwanza ikishuka juu ya dizeli ya malori huwa kama sabuni. Jifunze breki zake kwanza. Sote tumezipenda hizi gari kwa sababu ya Safari Rally, Colin McRae 1997, Richard Burns 2000, lakini wale walikuwa na mafundi wakiwangoja kila kituo.

Breki zikikwaruza asubuhi na ukaona diski zina rangi ya kutu, ni hewa ya bahari tu, ukikanyaga mara tatu nne yaisha. Chini ya gari ndo pataka uangalifu. Nyali nyumba nyingi zina maji ya kisima na yana chumvi, ukimwambia kijana aoshe gari kwa hosi ya kisima unaipaka chumvi mwenyewe. Osha kwa maji matamu, na chini pia. Na mtu yeyote asikutilie maji ya kisima kwenye rejeta hata kidogo, injini hii ni aluminiamu, tia kulanti ya Subaru ile ya buluu.

Belti ya taimingi kitabu chasema kilomita laki moja, lakini yako ina umri wake na hujui imepitia nini, mimi ningeibadilisha mwaka huu pamoja na pampu ya maji na tenshona, ile inayoikaza belti. Ikikatika valvu zagonga pistoni, hakuna cha kuokoa. Ukienda Diani pitia Dongo Kundu, ile barabara isiyopita feri, manake ferini maji yakipwa sana, hasa bamvua, ule mteremko wa kupanda feri huwa mkali na bampa yako ya mbele itakwaruza.

Kesho asubuhi kabla ya kuwasha pima oili kama nilivyokueleza, andika upande wa chini na upande wa juu, andika na kilomita, unitumie. Tia petroli nzuri leo hii, na matangi mawili yakiisha nambie kama njugu bado iko.